Chumba Namba Saba, Yupo

Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa na kufuli, na ufunguo wa kufuli hiyo ulining'inia shingoni mwa Bi Kengele usiku na mchana, hata bafuni. Kwa hiyo alipolifungua asubuhi ile akakuta bandeji zote kumi na mbili zimeshatumika, aliudhika kwanza, hofu ikamjia baadaye.

Hazikuwa zimetupwa ovyo. Zilikuwa zimeviringishwa upya kwa makini, moja moja, na kurudishwa kwenye karatasi zake. Ila zilikuwa na rangi ya chai iliyochacha, kavu kwa nje na mbichi kwa ndani, na alipoibonyeza moja kwa kidole ikatema usaha wa kijani ulionuka kama maji ya maua yaliyosahauliwa mezani wiki nzima. Akaikunjua kwa ncha ya kalamu. Katikati palikuwa na ukucha mzima wa kidole gumba, umeng'oka pamoja na kinyama chake.

Bi Kengele alitapika kwenye ndoo ya mchanga wa kuzimia moto. Halafu akaona aibu, maana ndoo ile nayo ilikuwa ikaguliwe kesho kutwa.

Alikuwa mwanamke wa usafi, na watu walimcheka kwa hilo. Mlango haushiki mpaka aufute, kikombe hakinywei mpaka akisuuze mwenyewe. Kazi yake ilikuwa afisa usalama wa hoteli ya wageni iliyojengwa katikati ya msitu, mwendo wa saa tano kwa boti kutoka penye barabara ya mwisho. Moto ukiwaka, mto ukifurika, mgeni akiumwa na nyoka, yeye ndiye wa kupiga kengele, kukusanya watu kwenye uwanja wa dharura, kuita majina na kuhesabu vichwa. Kengele ile ya shaba aliikumbatia kama mtoto mchanga, na jina likamganda.

"Mtu gani mchafu hivi!" alifoka peke yake huku akijifuta mdomo. "Anatumia, halafu anarudisha!"

Mlango ukagongwa: mara tatu za haraka, kisha moja ya kuchelewa. Hakuwa na haja ya kuuliza nani. Mdogo wake aligonga hivyo tangu akiwa mtoto wa kufikia kitasa kwa kujinyoosha. Mama yao alipofariki, mmoja alikuwa na miaka ishirini na mwingine mitatu, na neno la mwisho la marehemu lilikuwa, "Huyu nakuachia." Bi Kengele alimsomesha, akamtafutia kazi hapohapo hotelini, upande wa kufua, na sasa kila mtu alimwita Dobi.

Dobi aliingia na kapu, uso kaugeuza pembeni.

"Dada, mgeni kaingia lini?"

"Mgeni gani? Msimu wote huu wa mvua, hata mbu wamehama."

"Basi taulo hizi za nani?"

Akaliweka kapu chini. Taulo nne nyeupe, zimekunjwa vizuri, zimelowa kitu kizito kilichovutika kama makamasi. Ndani ya ute ule yalinata magamba membamba ya ngozi, makubwa kama ganda la kitunguu.

"Nimezikuta mlangoni kwangu," Dobi alisema. "Zina kibandiko cha chumba. Namba saba."

Bi Kengele alikisoma kibandiko mwenyewe, mara mbili.

Hoteli ile haikuwa na chumba namba saba. Vyumba vilikuwa nyumba ndogo za mbao juu ya nguzo, vimetawanyika kando ya mto, vimeunganishwa kwa daraja refu la ubao. Vilianza kimoja mpaka sita, kisha nane mpaka kumi na mbili. Cha saba kilikuwa kimefikia nguzo tu, na waya wa kengele ya chumbani umeshavutwa, pale ukingo ulipoporomoka na kugeuka kinamasi. Wakaacha nguzo sita zimesimama kwenye tope, na taa ndogo yenye namba saba kwenye ubao wa mapokezi, ambayo hakuna aliyejali kuing'oa.

Lakini kulikuwa na mahali pamoja ambapo chumba namba saba kilikuwa na mtu, na Bi Kengele alipajua, kwa sababu mkono ulioandika ulikuwa wake.

Sheria ilitaka zoezi la dharura kila mwezi, lisipungue watu thelathini. Wafanyakazi wote, pamoja na yeye na meneja, walikuwa ishirini na tisa. Mwezi wa kwanza alipokwenda kwa meneja kuomba siku ya zoezi, alimkuta anajipaka dawa ya mikono, na tabasamu lake la kila siku.

"Leo mvua, Bi Kengele. Wageni hawapendi makelele. Wewe andika tu, zoezi tutafanya kesho."

Ndiyo maana nyuma ya mgongo wake walimwita Bwana Kesho. Bi Kengele akaandika. Majina ishirini na tisa, kila moja na neno lake mbele: yupo, yupo, yupo. Ili yafike thelathini akaongeza mstari wa mwisho: Mgeni, chumba namba saba, yupo. Aliuandika mstari huo akicheka kidogo, maana alijua hauwezi kumsumbua mtu yeyote. Mwezi wa pili akaandika tena. Kesho ya meneja haikufika, na daftari likafika miezi ishirini na nne.

"Zichome hizo taulo," alimwambia mdogo wake. "Na unawe mikono kwa dawa."

"Nimenawa, dada. Mara tano. Harufu haitoki."

*

Mkaguzi alikuja kwa boti ya asubuhi, mtu mrefu mwenye buti safi na uso wa kuchoka. Kundi la wageni hamsini lilikuwa limeshalipia wiki ifuatayo, na bila sahihi yake wasingeruhusiwa kupanda boti.

"Madaftari nimeyaona sana," alisema. "Leo nataka kuona zoezi lenyewe."

Bwana Kesho alimtazama Bi Kengele, na Bi Kengele akaitazama kengele. Hakuna mtu hata mmoja hapo aliyewahi kuisikia ikilia.

Alipoipiga, watu walitoka jikoni, bustanini na gatini wakiulizana kuna nini, wengine wakicheka. Walikusanyika uwanjani, penye kibao cha kijani, na wote wakafanya jambo moja bila kuambizana: waliacha nafasi. Mwisho wa mstari, karibu na kibao, nyasi zilikuwa zimekufa kwa duara la upana wa ungo, ardhi imekanyagwa ikang'aa kwa ute, na juu yake yamelala magamba yaleyale ya kitunguu. Kuna kitu kilikuwa kimesimama pale siku nyingi sana. Mpishi, jibaba la watu lisiloishiwa maneno, aliziba pua na aproni.

"Nani kafia hapa, jamani?"

Bi Kengele akaanza kuhesabu kwa kidole. Thelathini. Akarudia, akianza na yeye mwenyewe. Thelathini. Akapita mbele ya kila uso akitaja kimoyomoyo, huyu mpishi, huyu wa boti, huyu wa bustani, huyu mdogo wangu, na nyuso zote alizijua, hakuna mgeni hata mmoja, lakini kila alipofika mwisho kidole chake kilikuwa kimegusa hewa mara thelathini.

"Majina, basi," Mkaguzi alihimiza.

Akafungua daftari penye ukurasa wa mwezi ule, alioujaza tayari, akasoma. Kila mtu aliitika. Ulimi ukateremka na mistari kama ulivyozoea mkono, na kabla hajaweza kuuzuia ulikuwa umeshasema:

"Mgeni, chumba namba saba."

"Yupo."

Sauti ilitoka mwisho wa mstari. Ilikuwa na majimaji, kama ya mtu anayesema huku kohozi limemkaa kooni na hataki kulitema. Kila mmoja alimgeukia jirani yake akidhani ni yeye. Kisha uvundo ukawafikia, mtamu na mzito, uvundo wa nyama iliyofungiwa kwenye mfuko juani, na wawili kati yao wakainama kutapika.

Mkaguzi alikunja pua, akatazama huku na huko, akaandika. "Thelathini kwa thelathini. Wote wapo. Hongereni, ila rekebisheni choo chenu."

Akatia sahihi, akaondoka. Bwana Kesho aliwapungia watu mkono warudi kazini. Bi Kengele hata hakusema "tawanyikeni", neno la kufungia zoezi.

*

Tangu saa ile, yule kiumbe aliacha kusimama uwanjani, akaanza kukaa kama mgeni aliyelipia.

Taa ya namba saba kwenye ubao wa mapokezi iliwaka mchana kweupe, na kengele yake ikalia mlio mrefu wa kukwaruza. Msichana wa mapokezi alikimbilia jikoni, akagoma kurudi mezani pake. Mitungi ya kuzimia moto ilipobonyezwa kwa majaribio ilitema maji ya kinamasi yenye nywele. Machela ilikutwa imelowa umbo la mtu, kichwa, mabega na visigino, na alama haikukauka hata ilipoanikwa juani. Bwana Kesho alijipaka dawa ya mikono mpaka ngozi ikachubuka, akisema ni panya, ni unyevu, ni njama za washindani.

"Panya anaitika 'yupo', bwana meneja?" Mpishi alimuuliza. "Huyo si panya, huyo ni mfanyakazi mwenzetu. Mpe mshahara."

Watu walicheka kwa dakika moja, kisha hakuna aliyecheka tena mpaka mwisho.

Siku ya tatu Bi Kengele aligundua kwamba mdogo wake anavaa glavu hata wakati wa kula.

"Vua."

"Dada, acha tu."

"Nimesema vua, wewe mtoto!"

Dobi akavua. Vidole vilikuwa vimevimba, vimekunjamana kama vya mtu aliyeshinda majini mwezi mzima, na ngozi ya kiganja ilitoka pamoja na glavu kwa kipande kimoja, laini, nyeupe, bila damu. Kucha tatu hazikuwepo. Bi Kengele, mwanamke asiyeshika mlango bila kuufuta, aliishika mikono ile kwa mikono yake mitupu, na akalia.

"Yule mgeni ana shida, dada," Dobi alinong'ona. "Anabonyeza kengele, hakuna anayemwendea. Anasema aliitwa, akaja, hakuna aliyemwambia aondoke. Nikimfuta anatulia kidogo."

"Unamfuta? Unakwenda kule?"

"Taa inawaka, dada. Nisipokwenda mimi, nani aende?"

Alasiri taa ilipowaka, Bi Kengele alimfuata mdogo wake kwa mbali juu ya daraja la ubao. Mvua ilikuwa imekatika na msitu ukawa kimya, bila ndege, bila chura, ila sauti ya matone, na kila alivyosogea matone yale yalizidi kuwa mazito, hata akahisi si maji tena yanayodondoka kutoka kwenye majani bali kitu kinachojivuta kwanza ndipo kikatike, na harufu ikawa inamwingia si puani tu bali mdomoni, akaionja, akaimeza, akajizuia kutapika kwa sababu aliona kwamba akitapika kilichoko mbele kitageuka, na alipopita kibao cha chumba namba sita na kipande cha daraja kilichoelekea cha saba kuisha na nguzo zile sita kutokea mbele yake, akaona kwamba katikati ya nguzo, juu ya tope lenyewe, kimetandikwa kitanda.

Mashuka yalikuwa ya hoteli, yamebanwa pembeni kwa ustadi wa mdogo wake. Chandarua kilifungwa kwenye nguzo. Chini yake kililala kitu chenye urefu wa mtu, kimevaa jaketi la kuokolea majini la rangi ya chungwa, lakini jaketi lilikuwa limezama kwenye nyama, nyama imeota juu ya mikanda, na palipotakiwa kuwa na uso ngozi ilikuwa imelegea ikateleza upande mmoja kama soksi iliyolowa. Dobi alipiga magoti topeni akikifuta kwa taulo. Kila alipofuta, kitu kilitoka. Tundu la mdomo likafunguka, na funza wakamwagika kama mchele uliopasukiwa na gunia.

"Nimekusanyika," kilisema. "Nimehesabiwa. Nani ananiachia?"

Bi Kengele alimkwapua mdogo wake kwa kiuno, akambeba mpaka ofisini bila kutazama nyuma.

*

Mganga aliyeletwa na mtu wa boti hakuja na ubani wala kuku. Alikuja na miwani na kalamu mbili mfukoni. Zamani alikuwa karani wa ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo, na watu waliendelea kumwita Karani hata baada ya kuacha karatasi za walio hai na kuhangaika na majini. Alikataa chai, akakataa kiti chenye doa.

"Daftari liko wapi?"

Alilisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, akilamba kidole. Alipomaliza alivua miwani, akamtazama Bi Kengele na Bwana Kesho kwa kinyaa ambacho hata kule kwenye tope, alikopelekwa kwanza, hakukionyesha.

"Zoezi huisha vipi?" aliuliza.

"Nikishahakiki hesabu," Bi Kengele alijibu, "nasema: Zoezi limekwisha, tawanyikeni."

"Na kwa haya ishirini na nne, ulilisema neno hilo?"

"Hayakufanyika, mzee, ila lile la Mkaguzi, nalo sikulifunga. Niliandika tu."

"Huku msituni kuna viumbe visivyo na jina wala makao. Wewe umekipa kimoja makao, ukakiita mara ishirini na nne, ukaandika kwa mkono wako kwamba kipo. Kikaja. Kikasimama uwanjani pako miaka miwili kikingoja neno moja la kukiachia. Hata mgeni wa kawaida angeoza." Akafunga daftari. "Mchafu hapa si yeye."

Bwana Kesho aliitoa chupa yake ya dawa ya mikono, akaona macho ya watu, akairudisha mfukoni.

"Dawa yake ni nini?" Bi Kengele aliuliza.

"Kazi. Yale mazoezi ishirini na nne mtayafanya yote, kesho, kati ya jua kuchomoza na jua kuzama. Kila mara upige kengele, uite majina, uhesabu, umwachie. Atapungua kidogo kidogo. La ishirini na nne likiisha sawasawa, atakuwa amekwenda. Lakini nisikilize, mama. Kila anayeitwa aitike kwa mdomo wake, akiwa amesimama mstarini kwa miguu yake. Asiitikiwe mtu. Ukiandika 'yupo' kwa asiyesimama pale, hata mara moja, hata kwa huruma, utakuwa umempa yule mgeni nafasi ya mtu huyo."

*

Walianza jua lilipogusa vilele vya miti. Kengele, mbio, mstari, majina. "Mgeni, chumba namba saba." "Yupo." Thelathini. "Zoezi limekwisha, tawanyikeni." Wanatawanyika mpaka jikoni, mpaka gatini, kengele inalia tena.

Kufikia la tano kilianza kuonekana. Kwanza jaketi la chungwa, limesimama lenyewe mwisho wa mstari. Kufikia la kumi walikiona chote, na aliyesimama jirani nacho, Mpishi, alifumba macho akawa anaitika huku machozi yanamtiririka, maana kila kiliposema "yupo" kitu cha vuguvugu kilimrukia shavuni na hakuthubutu kukifuta. Kila Bi Kengele alipotamka neno la kuachia, kipande kilidondoka: sikio, mkono, utumbo ulioviringika kama kamba ya gatini. Vilivyodondoka vilizama ardhini vikizomea. Watu walitapika mpaka wakatapika maji, wakatapika hewa, wakarudi mstarini.

Dobi alisimama na wenzake kwa miguu iliyofungwa vitambaa, maana nayo ilikuwa imeanza kutoka ngozi. Kwenye zoezi la ishirini na mbili alianguka. Akainuka. Kwenye la ishirini na tatu alisimama kwa kuegemea bega la mtu, na lilipokwisha alisema, "Dada, nikalale kidogo tu. Dakika tano," akaburuta miguu mpaka chumba cha kufulia, hatua ishirini kutoka uwanjani.

Jua lilikuwa limebaki ukucha mmoja juu ya miti. Bi Kengele akapiga kengele ya mwisho. Watu wakaja wakiyumba. Mwisho wa mstari kulikuwa na jaketi tupu tu na kidimbwi cha ute.

"Dobi," aliita.

Miguu ya mdogo wake ilionekana wazi mlangoni pa kufulia, imelala, vitambaa vimelowa. Haikutikisika.

"Dobi! Amka, mdogo wangu, ni la mwisho hili!"

"Yupo, mama," Mpishi alisema kwa upole, kwa sauti iliyokauka. "Si yule pale, tunamwona. Mwache apumzike mtoto wa watu. Jua hilo linazama."

Karani alikuwa gatini anachota maji ya kunawa. Bi Kengele aliitazama miguu, akalitazama jua. Aliona mama yao kitandani. Je, si kweli kwamba yupo? Hatua ishirini, anapumua, anaonekana. Huu si uongo kama ule, alijiambia. Ule ulikuwa wa uvivu, huu ni wa mapenzi. Akaandika: Dobi, yupo.

"Mgeni, chumba namba saba."

Hakuna aliyeitika. Jaketi la chungwa lilikuwa limeanguka, tupu. Harufu ilikatika ghafla kama mtu amefunga mlango. Akahesabu kwa kidole: ishirini na tisa.

"Ishirini na tisa!" alipiga kelele. "Ni sisi tu! Zoezi limekwisha, tawanyikeni!"

Walikumbatiana wakiwa wachafu vilevile. Bwana Kesho alilia kama mtoto. Karani ndiye hakushangilia. Alikuja na ndoo yake, akauliza taratibu:

"Mdogo wako umemhesabu?"

"Hapana, amelala kule."

"Basi mstarini walitakiwa wawe ishirini na nane."

Bi Kengele alikimbia. Mlangoni pa kufulia hapakuwa na mtu. Palikuwa na taulo mbili ndefu zilizoviringishwa, zimefungwa vitambaa vya mdogo wake, na ngozi ya miguu miwili, mizima, imevuliwa kama soksi.

"Nipo hapa, dada," sauti ilisema nyuma yake.

Dobi alisimama mwisho wa mstari uliokwisha kutawanyika. Mikono yake ilikuwa mizima, kucha kumi zote, ngozi inang'aa. Alitabasamu. Alinukia sabuni, sabuni tupu, bila jasho wala moshi wala chochote cha mtu.

Kutoka mapokezi, kengele ya chumba namba saba ikalia. Mara tatu za haraka, kisha moja ya kuchelewa.

*

Karani aliondoka na boti ya kwanza. Alisema kilichobaki hakiko kwenye uwezo wake, maana aliyeko kinamasini sasa ameandikwa sawasawa, na njia ya kumtoa ni ileile moja. Neno lile likisemwa na mstari ukitimia, yule wa chumba namba saba ataachiwa. Hakusema ataachiwa aende wapi, na Bi Kengele hakuhitaji kuambiwa. Alikwenda mwenyewe kwenye nguzo zile, akaingia topeni mpaka kifuani, akachimba kwa mikono siku mbili, akapata mashuka tu.

Wageni hamsini walikuja, wakala, wakaondoka wakisifu utulivu. Mazoezi sasa yanafanyika kila mwezi, na Mkaguzi husema hajaona hoteli inayoyafanya kwa dhati namna ile. Kengele inalia, watu wanakuja, majina yanaitwa. Bi Kengele anafika mstari wa mwisho.

"Mgeni, chumba namba saba."

"Nipo, dada," sauti inaitika kutoka kinamasini, dhaifu, yenye majimaji.

Kisha anapaswa kusema lile neno. Watu wanasubiri mvuani, dakika kumi, nusu saa. Yule mwenye uso wa mdogo wake, safi mwisho wa mstari, humwambia kwa upole, "Tuachie, dada. Tumechoka." Bi Kengele hufunga daftari na kuondoka bila kusema kitu. Hawezi. Huyu aliachiwa yeye, naye hamwachii. Watu wanatazamana, wanarudi kazini mmoja mmoja, bila kuambiwa watawanyike. Imeshakuwa hivyo miezi minne.

Jana asubuhi Mpishi aligonga mlango wa ofisi. Hakuwa na mzaha. Mkono mmoja alikuwa ameufunga kwa aproni, na aproni ilikuwa na rangi ya chai iliyochacha.

"Samahani, mama. Naomba bandeji. Nilikuwa naosha mchele, ukucha ukatoka wenyewe."

Bi Kengele alivua ufunguo shingoni, akafungua sanduku. Bandeji zilikuwa kumi na mbili, mpya, kwenye karatasi zake. Alipogeuka kumpa Mpishi moja, aliona nyuma yake mtu wa boti, na nyuma ya mtu wa boti wa bustani, na nyuma yao mstari mrefu unaozunguka kona, kila mmoja ameficha mkono wake mfukoni.